Krimu za jua: tusome nyuma ya pakiti kabla ya kulipa

Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi tujibu swali tunaloulizwa kila mara katika maduka ya dawa hapa Kisumu: ni krimu gani ya kukinga jua isiyo na sumu, na je, mafuta ya asili hayawezi kuifanya kazi hiyo? Swali ni zuri. Majibu yanayosambazwa kwa simu na kwenye vibanda vya vipodozi ndiyo yanayotutia wasiwasi, kwa sababu yanawafanya watu wakimbie hatari ndogo na kujitumbukiza katika kubwa. Mtu anakataa tyubu iliyopimwa maabarani kwa kuwa eti ina kemikali, halafu huyo huyo anaondoka na kikopo cha mkorogo, krimu ya kung'arisha ngozi, kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe.

Kwanza jua lenyewe. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Ukishika barabara ya Busia, mstari wenyewe unauvuka pale Maseno. Mji uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret zaidi ya 2,000. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, maana hewa ya kuichuja imepungua. Kwa hivyo baridi isikudanganye: mwanariadha wa Iten anaweza kutetemeka alfajiri na adhuhuri akapigwa na miale mikali kuliko ile inayompata mvuvi wa Dunga. Kipimo cha miale hiyo ("UV Index") huonyeshwa na programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu. Kikifika 3, WHO inashauri kujikinga. Huku kwetu, saa saba mchana anga likiwa wazi, hupita 11, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa. Wingu jepesi halizuii kitu kikubwa, kwani linaweza kupitisha hadi asilimia 80. Asiye na simu atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko yeye, miale ni mikali, na hapa hiyo ni kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi alasiri.

Je, mtu mweusi anahitaji krimu ya jua? Tutasema ukweli hata kama hautawafurahisha wauzaji: si kila mtu, wala si kila siku. Melanini, rangi asilia ya ngozi, ni kinga. Kipimo kinachotajwa sana, cha mwaka 1979, kiliipa ngozi nyeusi kinga ya kiasi cha SPF 13, yaani namba ile ile inayopima kinga ya krimu za jua. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwetu, na ile iitwayo melanoma, inapompata mtu mweusi, mara nyingi hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina habari napo. Doa jeusi linalokua chini ya mguu ni la kupelekwa kwa daktari mapema, si la kupakwa kitu.

Lakini wapo wanaoihitaji kwelikweli. Wa kwanza ni watu wanaoishi na ualbino, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa 9,729 nchini. Kwao krimu hii ni dawa sawa na dawa nyingine. Hufuatiwa na wenye mabaka meusi usoni, hasa yale yanayokuja na ujauzito au na dawa za kupanga uzazi, na wenye chunusi zinazoacha madoa, kwa sababu jua huyakoleza madoa hayo na kuharibu kazi ya matibabu ya miezi. Wenye ugonjwa wa lupasi wamo pia, na wenye makovu mapya ya moto.

Kuna kundi jingine linalosahaulika: wanaomeza dawa zinazoifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua. Doksisaiklini, inayotolewa kwa chunusi na kwa maambukizi mengi, ni mojawapo. Septrin ni nyingine. Haidroklorothiazaidi, kidonge cha shinikizo la damu ambacho wazee wengi wa huku wanakitumia, huongeza wepesi wa ngozi kuungua, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo yake yataje ongezeko dogo la hatari ya saratani za ngozi zisizo melanoma. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo. Shinikizo lisilotibiwa linaua haraka zaidi. Avae kofia, ajipake, na amuulize aliyemwandikia kama ipo mbadala.

Sasa tuigeuze pakiti. Upande wa mbele ni tangazo: jani la alovera, tone la asali, maneno "natural" na "organic". Hakuna kati ya hayo linaloonyesha kinga. Nyuma ndiko kwenye habari, na kuna mambo machache ya kutafuta.

Namba ya SPF inapima kinga dhidi ya miale ya UVB, ile inayounguza. SPF 15 huzuia takriban asilimia 93 ya miale hiyo, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Kutoka 30 kwenda 50 unapata asilimia moja tu, na bei hupanda zaidi ya hapo. Kwa mwenye ualbino au anayeshinda juani hiyo asilimia moja ina maana. Kwa karani wa ofisini 30 inatosha. Wala namba hizi hazijumlishwi: poda ya SPF 15 juu ya krimu ya SPF 30 haikupi 45.

SPF haisemi lolote kuhusu UVA, miale inayozama ndani zaidi, kuizeesha ngozi na kuyakoleza madoa. Kwa kinga hiyo tafuta maneno "broad spectrum", au herufi UVA ndani ya duara kwenye bidhaa za Ulaya, alama inayomaanisha kinga ya UVA ni angalau theluthi moja ya SPF. Tyubu yenye SPF 50 isiyotaja UVA popote irudishe rafuni.

Kisha orodha ya viambato. Anayetaka krimu ya madini, ambayo ndiyo watu humaanisha wanapoulizia "ya asili", atafute "Zinc Oxide" au "Titanium Dioxide". Zinki ni bora kwa kuwa inashika UVA kwa upana zaidi; titani peke yake inaacha pengo upande huo. Bidhaa za Marekani huandika asilimia katika kisanduku cha "Active Ingredients". Krimu ya zinki pekee yenye SPF 30 kwa kawaida ina asilimia 15 hadi 25, na 25 ndiyo kikomo cha Marekani. Ukiona asilimia 4 na SPF 50 bila kichujio (kiambato cha kuzuia miale) kingine chochote, una haki ya kushuku. Bidhaa za Ulaya hazitaji asilimia, lakini viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na hapo kuna hila moja inayofaa hata kwa losheni za kawaida. Tafuta neno "Phenoxyethanol", kihifadhi ambacho sheria za Ulaya hazikiruhusu kuzidi asilimia 1. Mmea wowote ulioandikwa baada yake hauzidi asilimia hiyo. Jaribu na ile losheni yako yenye jani la alovera usoni. Mara nyingi alovera utaikuta huko mkiani, karibu na manukato, nawe umeilipia kana kwamba ndiyo iliyojaza chupa.

Watu wengi wanaamini krimu ya zinki hufanya kazi kama kioo, inarudisha miale ilikotoka, ilhali za kemikali huifyonza. Si hivyo. Zinki na titani hurudisha sehemu ndogo tu ya miale. Sehemu kubwa huifyonza, sawa na zile nyingine. Na zinki hiyo haichotwi mtoni. Inasafishwa kiwandani kwa moto mkali. Faida yake ni nyingine: haipenyi ngozi nzima, haiwashi macho sana, na ni nadra kumletea mtu mzio. FDA, katika mapendekezo yake ya 2019 na 2021, ilivitaja vichujio hivi viwili tu kuwa vina ushahidi wa kutosha kuitwa salama na vyenye kufanya kazi, ikadai data zaidi kwa vingine 12.

Hivyo 12 ndivyo vinavyotupiwa neno sumu. Ukweli wake ni huu. Utafiti wa FDA uliochapishwa 2019 na 2020 ulionyesha kwamba vichujio kadhaa, oksibenzoni ikiongoza, huingia kwenye damu kwa kiwango kinachozidi kile ambacho chini yake vipimo vya ziada havihitajiki. FDA yenyewe ilisema hiyo haimaanishi vinadhuru, na haikuwaambia watu waache kujipaka. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ulipunguza oksibenzoni hadi asilimia 6 kwa krimu za uso na mikono na 2.2 kwa za mwili mzima. Kwenye pakiti huandikwa "Oxybenzone" au "Benzophenone-3". Kama unaweza kuiepuka, iepuke, hasa kwa watoto na wajawazito, si vigumu. Lakini mtu mwenye ualbino aliyepewa krimu yenye vichujio vya kemikali, na hana nyingine, aipake bila kusita. Jua la leo litamuunguza leo.

Kuhusu maandishi ya "reef safe": Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 1, 2021, ili kulinda matumbawe. Ukienda kuogelea Watamu au Diani, jambo hilo linakuhusu. Ziwa letu halina tumbawe hata moja, kwa hivyo usiongeze shilingi kwa sababu ya kibandiko hicho.

Tatizo kubwa la zinki kwetu ni rangi. Ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, ngozi nyeusi hubaki na weupe wa majivu, ndipo mtu anapunguza kipimo mpaka kinga inaisha, au anaiacha kabisa. Dawa yake ni krimu ya zinki yenye rangi ya ngozi, "tinted". Rangi hiyo hutokana na oksaidi za chuma, zinazoandikwa "Iron Oxides" au CI 77491, 77492 na 77499. Hizi zina kazi zaidi ya urembo: huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi hukoleza mabaka hata pale UVA na UVB zimezuiwa. Mwenye mabaka anayetumia krimu isiyo na rangi anafanya nusu ya kazi.

Krimu za kupuliza hatuzipendi. Nyingi huishia hewani, ngozi hubaki na mapengo, na zenye zinki au titani hazifai kuingia mapafuni. Mwaka 2021 huko Marekani baadhi ya za kupuliza ziligunduliwa kuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, zikaondolewa sokoni.

Tuje kwenye mafuta ya asili. Mafuta ya nazi, ya parachichi, ya zeituni, ya shea yanayovuka mpaka kutoka kaskazini mwa Uganda: yote ni mazuri kwa ngozi kavu. Kama kinga ya jua hayafai. Yakipimwa hutoa SPF ya tarakimu moja, na mara nyingi karibu na hakuna. Ile habari kwamba mafuta ya mbegu za karoti yana SPF 40 haina kipimo cha kuaminika nyuma yake. Vaselini nayo haikingi miale, ingawa ni mojawapo ya vilainishi salama kabisa vya ngozi, na ni zao la petroli. Anayehukumu kila kitu kwa kuuliza kama kimetoka shambani au kiwandani ajue kwamba hata shambani mambo hayaendi hivyo. Ndimu na limau zina viini ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza. Ukijipaka maji ya ndimu kung'arisha uso kisha ukatoka mchana, unaweza kupata malengelenge siku moja au mbili baadaye, na yakipona yanaacha madoa meusi kwa miezi. Na ile mimea yenye kafuri inayolimwa kando ya msitu wa Kakamega kwa ajili ya dawa za kuchua ni ya asili kabisa, lakini kafuri ni sumu kwa mtoto mchanga na haifai kupakwa watoto chini ya miaka miwili.

Alovera ya nyumbani hutuliza ngozi iliyokwisha kuungua. Kata jani la chini lililokomaa, lisimamishe na mkato ukiwa chini kwa dakika 15 ili utomvu wa manjano udondoke, lioshe, ndipo umenye. Utomvu huo ndio unaowasha, na watu wengi wanaosema alovera imewadhuru hawakuutoa. Ute uliobaki uweke kwenye friji kwa muda usiozidi wiki moja. Una maji na hauna kihifadhi, kwa hivyo vijidudu huota kabla hujasikia harufu.

Vivyo hivyo kwa krimu za kutengeneza nyumbani. Kilainishi kisicho na maji ni rahisi na salama: gramu 20 za nta safi ya nyuki kwa gramu 80 za mafuta ya shea au parachichi, viyeyushwe kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji moto, vimiminwe kwenye kikopo kikavu. Hakuna haja ya kihifadhi, mradi usichovye vidole vyenye maji. Kikianza kunuka kama mafuta ya kukaangia ya juzi, kimechacha.

Kosa hutokea mtu anapoongeza unga wa zinki akadhani amepata krimu ya jua. Unga huo hugandamana. Chukua mchanganyiko huo, upake kwa utandu mwembamba kwenye kipande cha kioo, kisha ukiinue dirishani: utaona vidoa vyeupe, na kati yake sehemu zilizo wazi kabisa. Ngozi yako itakuwa na mapengo hayo hayo, na miale itapita humo. Viwandani huvunja madonge hayo ya unga kwa mashine maalumu, kisha hupima SPF kwenye ngozi za watu. Jikoni hakuna njia ya kujua kama umepata 3 au 20. Kwa sababu hiyo hiyo losheni ya kalamini na krimu za upele wa nepi haziwi krimu za jua, ijapokuwa zote zina zinki.

Hayo yote, Mhariri, ni madogo tukiyalinganisha na mkorogo. Sumu halisi iliyo kwenye ngozi za watu wetu haitoki kwenye krimu za jua. Ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi zilizo kwenye krimu na sabuni za kung'arisha, nyingi zikiuzwa kwa majina ya karoti, papai na ndimu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani inakuvua kinga uliyozaliwa nayo, kisha inaharibu figo. Haibaki kwa aliyejipaka: mvuke wake na mabaki kwenye taulo na shuka huwafikia watoto wa nyumba hiyo. Kwenye pakiti hutajwa kama "mercury", "calomel", "mercurous chloride" au "mercuric iodide", kama ikitajwa. Pakiti inayoonya kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini pia ni ya kuogopwa, kwani zebaki hula metali hizo.

Haidrokwinoni ni dawa ambayo daktari wa ngozi anaweza kuitoa kwa muda mfupi. Ikipakwa holela kwa miaka, huleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Steroidi nazo, hasa "clobetasol propionate" na "betamethasone", hufanya uso ung'ae kwa wiki chache, halafu ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, chunusi zinafumuka, na mtu akijaribu kuacha, uso unawaka moto. Mwenye hali hiyo asiache kwa mkupuo. Amwone daktari ampunguzie taratibu. Na jua linamuumiza kuliko mtu mwingine yeyote mweusi, kwa sababu kinga yake imekwanguliwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha vipodozi, EAS 377, kimeorodhesha katika sehemu yake ya kwanza vitu vilivyopigwa marufuku, na katika sehemu ya tano vichujio vya jua vinavyoruhusiwa na viwango vyake. Sheria haikosekani. Kabla ya kununua, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali chini yake, kisha tuma ujumbe wenye SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023. Jibu litakuambia bidhaa na kampuni iliyopewa kibali. Kama hazilingani na kilicho mkononi mwako, kibandiko ni cha bandia. Losheni ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo au chupa kubwa haina cha kukaguliwa, kwa hivyo iache.

Jambo la mwisho la matumizi ni kipimo, na hapa ndipo hata krimu nzuri hushindwa. Maabara hupima SPF kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka nusu ya hiyo au chini. Tumia kijiko cha chai: kimoja kwa uso, masikio na shingo, kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Hivyo ni vijiko saba, mililita 35. Tyubu ya mililita 50 haifikishi mara mbili kwa mwili mzima. Kwa uso na shingo pekee ni mara kumi. Kama ya kwako imekaa tangu Krismasi na unajipaka kila siku, unapaka kidogo mno. Ndiyo maana nguo ni nafuu kuliko krimu: shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana, lisiloonyesha mwanga ukiliinua juani, na kofia yenye ukingo wa angalau sentimita 7 pande zote. Kofia ya kapelo inaacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo vidonda vya watu wenye ualbino huanzia mara nyingi, pamoja na mdomo wa chini, ambao unahitaji balmu yake yenye SPF. Fulana nyeupe ikilowa jasho au maji ya ziwa kinga yake hushuka sana. Krimu ibaki kwa yale yasiyofunikwa.

Paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini au ukijifuta jasho. "Water resistant" maana yake ni dakika 40 au 80 majini, kama ilivyoandikwa. Mtoto chini ya miezi sita asipakwe. Kivuli na nguo vinamtosha. Bidhaa mpya ijaribiwe kwanza ndani ya kigasha, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Wenye mzio waangalie "parfum" na "methylisothiazolinone". Hii ya pili Ulaya iliipiga marufuku mwaka 2017 katika krimu zinazobaki kwenye ngozi. Mchoro wa kikopo kilicho wazi chenye 12M unamaanisha miezi 12 tangu kufunguliwa, si tangu kununuliwa. Krimu iliyoanikwa kwenye meza ya kandokando ya barabara, au iliyoachwa kwenye gari au kibanda cha mabati, huachana: ukibonyeza tyubu yanatangulia maji au mafuta, au krimu inatoka na chembechembe. Usiitikise ukaipaka, kichujio hakiko tena sawasawa ndani yake.

Watu wanaoishi na ualbino wajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mpango wa kuwapatia krimu za jua bila malipo kupitia hospitali. Wanaokwenda wakakosa waulize ni lini zitafika, na waandikishe ombi lao.

Nawe Mhariri, tuna ombi. Safu za urembo magazetini huchapisha mapishi ya krimu za jua za nyumbani na mchanganyiko wa ndimu wa kung'arisha uso. Kabla ya kuyachapa, mpeni mfamasia au daktari wa ngozi ayasome. Majina ya viambato tuliyoyataja hapa yanaweza kutoshea katika kisanduku cha robo ukurasa ambacho msomaji atakikata na kwenda nacho dukani. Tuko tayari kukiandaa bila malipo.

Wafamasia wawili,
Kisumu